Neva za mtoto hujuaje njia akiwa bado tumboni?

Kuku akiatamia mayai kwenye boma moja kule Buger, wilayani Karatu, vifaranga hutoka baada ya siku 21 hivi. Kifaranga hakai sana, anasimama na kuanza kudonoa. Miguu inatii ubongo kwa sababu nyuzi za neva zilishafika mahali pake ndani ya yai.

Zilifikaje?

Uzi wa neva hauna ramani. Unaota kutoka kwenye seli, na ncha yake ina umbo kama kiganja chenye vidole vinavyopapasa mbele. Mhispania Santiago Ramón y Cajal aliieleza ncha hiyo mwaka 1890, baada ya kuchunguza viinitete vya kuku.

Vinavyoiongoza ni kemikali. Zipo zinazoivuta na zipo zinazoifukuza. Mwaka 1994 timu ya Marc Tessier-Lavigne huko California, Marekani, ilitangaza protini inayovuta, iliyopatikana kwenye ubongo wa viinitete vya kuku. Waliiita netrini.

Netrini huvuta baadhi ya nyuzi hadi katikati ya uti wa mgongo. Zikishavuka, protini nyingine huzifukuza zisirudi zilikotoka. Nyuzi zinazotoka kwenye ubongo nazo huvuka, ndiyo maana upande wa kulia wa ubongo huendesha mkono wa kushoto.

Je, zikikosea njia?

Mwaka 2010 watafiti waliripoti familia zenye hitilafu kwenye jeni ya DCC, inayotengeneza kipokezi cha netrini. Baadhi ya watu hao wakitumia mkono mmoja, ule wa pili unaiga bila wao kutaka.

Mjamzito afanye nini?

Hitilafu ya kurithi kama hiyo haizuiliki kwa chakula wala dawa. Lakini yapo ya kufanya. Kabla nyuzi hazijaanza safari, mrija unaokuwa ubongo na uti wa mgongo lazima ufunge, kwenye siku ya 28 hivi tangu mimba kutungwa. Usipofunga vizuri, mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi. Foliki asidi hupunguza hatari hiyo.

Tatizo ni kwamba siku hizo wengi hawajajua kama ni wajawazito. Kwa hiyo unayepanga kushika mimba, ulizia foliki asidi kituo cha afya mapema. Pombe nayo iache kabisa, maana inaweza kuvuruga ukuaji wa ubongo wa mtoto.