Kijana wa Mbale na Swali la Masihi

Hapa Mabawa ninapoishi tangu nistaafu, adhana ya alfajiri na kengele ya kanisa hunikuta katika kitanda kile kile. Ukoo wetu una Waislamu na Wakristo, nasi huozana na kuzikana bila taabu. Kwa sababu hiyo nilijiona mtu ninayezijua dini za watu. Kosa nililolitenda mwaka 1976 lilinionyesha kuwa sizijui.

Wakati huo nilikuwa mkufunzi kijana katika chuo cha ualimu. Alikuja kijana kutoka pande za Mbale, Uganda, aliyekimbia utawala wa Idi Amin, akapata kibarua katika karakana ya useremala. Niliagizwa nimjazie fomu. Tulipofika penye dini, alisema yeye ni Myahudi. Nikacheka, maana sikuwa nimewahi kusikia Myahudi wa Kiafrika. Nilimwuliza anasoma nini. Akasema Torati, Zaburi na Manabii. Na Yesu je? Akajibu kwamba kwao Masihi hajaja.

"Basi wewe ni Mkristo ambaye hakukimaliza kitabu," nikamwambia, nikaandika: Mkristo.

Akaitazama ile fomu kwa kitambo. "Mwalimu," akasema, "mbona hata wewe bado unamngoja?" Akatia sahihi, akaenda zake.

Sikuwa na jibu. Ndugu msomaji, jibu lenyewe nilikuja kulitafuta katika vitabu miaka mingi baadaye.

Masihi maana yake ni mpakwa mafuta, kama walivyopakwa wafalme wa Israeli. Wayahudi walitazamia mfalme wa ukoo wa Daudi atakayewakomboa na kuleta amani. Wafuasi wa kwanza wa Yesu walikuwa Wayahudi vile vile, na ubishi wao na ndugu zao ulikuwa wa nyumba moja: amekwisha kuja, au bado? Waliosema bado waliuliza, kama amekuja, mbona vita havijakoma? Waliosema amekuja walijibu kwamba atarudi kuikamilisha kazi. Simon bar Kokhba alipowaasi Warumi mwaka 132, Rabi Akiba alimwona kuwa ndiye Masihi. Maasi yakazimwa mwaka 135, na Wayahudi wakaendelea kungoja.

Jambo jingine lililoigawa nyumba hiyo lilikuwa tohara. Matendo ya Mitume yanasimulia jinsi mitume walivyokutana Yerusalemu wakaamua kwamba watu wa mataifa wanaomwamini Yesu wasitwishwe mzigo huo. Sisi wa pwani twaweza kulipita jambo hili bila kuliona, kwa kuwa huku jando ni la Mwislamu na la Mkristo. Lakini Waganda hawakuwa na desturi ya kutahiri, na huko ndiko neno hilo lilikozaa mambo.

Semei Kakungulu alikuwa jemadari wa Kiganda, Mprotestanti, aliyewasaidia Waingereza kuitwaa Uganda ya mashariki. Baada ya kukosana nao alijiunga na kundi la Malaki Musajjakawa, lililokataa dawa za hospitali. Aliisoma sana Biblia ya Kiganda, ambayo tafsiri yake ilikamilika mwaka 1896, akalikuta agizo la tohara alilopewa Ibrahimu. Mwaka 1919 akatahiriwa, yeye na wanawe. Wenzake walipomwambia kuwa hayo ni ya Wayahudi wasiomwamini Yesu, alijibu kwamba kama ni hivyo, yeye ni Myahudi.

Mwanzoni watu wake, Abayudaya, waliendelea kubatiza na kusoma Agano Jipya. Baadaye, katika miaka ya 1920, Myahudi mgeni aliyeitwa Yosef aliwafundisha kalenda na sala za Kiyahudi, nao wakayaacha ya Kikristo. Kakungulu alifariki mwaka 1928. Kitabu alichopewa na wamisionari ndicho kilichompeleka asikotazamiwa.

Kisha akaja Amin, mwaka 1971. Ibada yao ilipigwa marufuku na masinagogi yao yakafungwa. Wengi wakaingia Ukristo au Uislamu. Utawala ule ulipoanguka mwaka 1979, walikuwa wamesalia mamia tu. Mwaka 2002 marabi kutoka nje waliwapokea kiasi cha 400 katika Uyahudi rasmi, na mwaka 2008 mmoja wao, Gershom Sizomu, akawekwa kuwa rabi. Hata hivyo, kutambuliwa kwao nchini Israeli kumeleta mabishano hadi mahakamani.

Niliposoma hayo ndipo nilipoelewa uzito wa fomu ile. Amin aliwanyima jina lao kwa amri ya serikali. Kijana yule alivuka mpaka ili aweze kulitamka, nami nikalifuta kwa kalamu, tena kwa mzaha. Aliondoka chuoni kabla sijapata akili ya kumwomba radhi.

Siandiki haya ili kuamua nani mkweli. Mimi ni Mkristo na nitazikwa Mkristo. Lakini jioni nikiketi barazani na shemeji yangu Mwislamu, hunikumbusha kwamba hata Kurani humwita Isa bin Mariamu Masihi, na kwamba wao pia wanatazamia kurudi kwake. Basi anayesema amekuja na anayesema bado, wote wawili wanatazama njia. Mtu akikwambia anamngoja nani na yeye mwenyewe anaitwa nani, andika kama alivyosema.