Kahawa Ilipandwa Bura, Kinu Kikabaki Ulaya

Kuna swali naulizwa sana na wasee wa rika langu: kama una doo kidogo na unataka espreso nyumbani, ununue mashine gani? Jibu langu huwaudhi wengi. Nunua kinu kwanza. Mashine itangoja. Na sisemi hivyo kwa sababu ya video za Wazungu. Nasema hivyo kwa sababu ya historia, na hiyo historia imepita hapa hapa Taita Taveta.

Toka Voi, shika barabara ya Taveta. Utapita Mwatate na mashamba yake ya mkonge, kisha utafika Bura, chini ya milima. Mwaka 1893 mapadre Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu walipanda kahawa pale. Mbegu zilitoka kisiwa cha Bourbon, kile tunachokiita Réunion leo, zikapitia Bagamoyo ambako mapadre hao walikuwa na misheni tangu 1868. Angalia hiyo tarehe tena. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896. Yaani kahawa ilifika kwetu kabla ya garimoshi.

Baadaye mapadre wakaipeleka Nairobi, kwenye misheni ya St. Austin's, na kutoka huko ikaenea kwa mashamba ya walowezi. Mpaka leo watu wa kahawa duniani huiita mibuni ya ukoo huo French Mission. Jina limebaki la Wafaransa. Bura haitajwi.

Halafu ikaja ile sehemu inayouma. Serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika wa Kenya kulima kahawa kwa miaka mingi. Miaka ya 1930 ndipo wakulima wachache wa Kisii, Meru na Embu waliruhusiwa kupanda kidogo. Wengine wengi walingoja hadi miaka ya 1950, hasa baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954. Lakini ukivuka mpaka pale Taveta ukaingia Holili, hadithi inabadilika. Wachaga wa Kilimanjaro walikuwa wanalima kahawa yao wenyewe, wakaanzisha chama cha wakulima mwaka 1925, kisha ushirika wa KNCU mwaka 1933. Mlima ni ule ule tunaouona kutoka Taveta. Kilichotenganisha watu ni mstari kwenye ramani.

Ila hata yule aliyeruhusiwa kulima, aliuza buni mbichi. Kukaanga na kusaga kulifanyika ng'ambo. Na hapo ndipo hoja yangu ilipo: kwenye kahawa, utamu na pesa huzaliwa mwishoni, pale buni inapokaangwa na kusagwa. Shamba lilikuja kwetu, kinu kikabaki kwao.

Unataka kujua hicho kinu kilikuwa cha nani? Kimoja kilikuwa cha Peugeot. Ndiyo, wale wa Peugeot 504, gari lililobeba wazazi wetu safari ndefu na kushinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Familia hiyo ya Ufaransa ilikuwa na kinu cha nafaka, na mwaka 1810 wakakigeuza kuwa karakana ya chuma. Wakatengeneza misumeno, na mwaka 1840 wakaanza kuuza vinu vya kahawa vya nyumbani. Magari yalikuja karibu miaka 50 baadaye. Mama wa kawaida wa Ufaransa alikuwa anasaga kahawa jikoni kwake kabla hata ya mbuni wa kwanza kupandwa Bura.

Sasa usiseme sisi hatukuwa na kinu. Kiswahili kinatumia neno moja, kinu, kwa kile cha kutwangia na kwa mashine ya kusagia. Pwani, kahawa imetwangwa kwa kinu na mchi tangu zamani, ikachemshwa na tangawizi, ikamiminwa kutoka kwa mdele wa shaba kwenye vikombe vidogo. Wazee wa Mombasa bado wanaijua kama kahawa chungu. Hiyo kahawa inasamehe. Ukiichemsha, unga mkubwa na mdogo vyote vinatoa ladha, na machicha yanatulia chini.

Espreso haisamehi. Angelo Moriondo wa Turin alipata hataza ya mashine yake ya mvuke mwaka 1884, lakini espreso yenye povu la dhahabu juu ilikuja na mashine ya mkono ya Achille Gaggia, iliyoanza kuuzwa 1948. Leo kipimo cha kawaida ni shinikizo la takriban bar 9, gramu 18 za kahawa kwa vikombe viwili, na sekunde 25 hadi 30. Ukisaga unga mkubwa, maji yanapita mbio na kikombe kinakuwa kichachu. Ukisaga laini kupita kiasi, maji yanakwama na unakunywa uchungu mtupu. Mashine inasukuma maji tu. Anayeamua kama yatapita vizuri ni kinu.

Kwa hivyo tulinganishe.

Kuna kinu cha kisu, kile kinachozunguka kama blenda. Ni cha bei nafuu, na kwa espreso ni hasara. Kama umekulia karibu na posho mill utanielewa haraka. Mashine nyingi za posho hupiga mahindi kwa nyundo za chuma, lakini zina chekeche, na punje haitoki mpaka iwe ndogo ya kutosha kupita. Kinu cha kisu hakina chekeche. Unapata vumbi na vipande ndani ya kijiko kimoja.

Halafu kuna kinu cha meno. Jino moja limetulia, jingine linazunguka, buni inapita katikati. Hii si akili mpya, ni jiwe la kusagia la kina nyanya zetu, ila hapa unaweza kupima nafasi kati ya jiwe na jiwe. Na kipimo hicho ndicho unachokilipia. Baratza Encore ya kawaida, ya umeme, ni nzuri kwa kahawa ya kuchuja, lakini hatua zake ni pana mno kwa espreso, ndiyo maana kampuni ikatoa toleo jingine, Encore ESP. Comandante C40 ya Ujerumani ni ya mkono, na kila mlio wa kurekebisha husogeza meno karibu mikroni 30. 1Zpresso J-Ultra ya Taiwan, pia ya mkono, husogea mikroni 8 hivi. Kwa kahawa ya kuchuja hutaona tofauti kubwa. Kwa espreso, hiyo ni tofauti kati ya kikombe kilichokwama na kikombe kitamu. Niche Zero ya Uingereza ina meno ya milimita 63 na unaweka buni za kikombe kimoja tu, lakini ukigeuza bei yake kuwa shilingi unakaribia bodaboda iliyotumika.

Chaguo langu kwa mtu wa Voi ni kinu cha mkono chenye hatua ndogo. Stima ikipotea, mkono haupotei. Dakika moja hivi ya kuzungusha na uko sawa.

Najua kuna atakayesema hii ni anasa ya watu wa Nairobi waliozoea Java tangu ilipofunguliwa 1999, na kwamba sisi ni watu wa chai. Sawa. Lakini jiulize kwa nini kwa nyumba nyingi kahawa ina maana ya unga wa kopo unaoyeyuka, aina iliyopata umaarufu duniani baada ya Nescafé kutoka Uswisi mwaka 1938. Tuliachiwa kile kisichohitaji kinu. Huwezi kupenda kahawa ambayo hujawahi kunusa ikisagwa, na harufu hiyo huanza kupotea dakika chache tu baada ya kusaga.

Sehemu kubwa ya kahawa ya Kenya bado inaondoka ikiwa mbichi. Sera za nchi hatuwezi kuzibadilisha kwa kinu kimoja. Lakini kijana wa Mwatate mwenye kinu cha mkono na kilo moja ya buni zilizokaangwa hapa nchini anaweza kuuza vikombe stendi, na hatua ya mwisho, ile yenye pesa, inabaki mkononi mwake. Miaka 130 na zaidi tangu Bura, naona ni wakati kinu pia kifike.