Biashara ya jezi za timu Kakuma na Kalobeyei: mambo ya kujua kabla ya kupokea oda

Makala haya yameandikwa kwa ajili yako, mkimbizi au mwenyeji wa Kaunti ya Turkana, unayetaka kutengeneza na kuuza jezi za timu, vizibao vya mazoezi na fulana za michezo. Yanaeleza njia za kuchapa, jinsi ya kupanga bei, vibali unavyohitaji na namna ya kupokea oda bila kupata hasara.

Wateja ni nani?

Michezo ina nafasi kubwa Kakuma. Katika Michezo ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, timu ya kwanza ya wakimbizi ilikuwa na wanariadha 10, na watano kati yao, wote kutoka Sudan Kusini, walichaguliwa kutoka Kakuma. Hata hivyo wateja wako hawatakuwa wa Olimpiki. Watakuwa timu za mtaa, shule, vikundi vya vijana, makanisa, misikiti na mashirika yanayoandaa mashindano. Oda huongezeka wakati wa michezo ya shule na kabla ya Siku ya Wakimbizi Duniani, Juni 20. Jiandae mapema, kwa sababu mzigo kutoka mbali huchelewa.

Tofauti na biashara nyingine

Fulana ya mtumba isiyonunuliwa leo inaweza kununuliwa kesho. Jezi yenye jina la timu, jina la mchezaji na namba 9 mgongoni haina mteja mwingine. Timu isipokuja kuichukua, imebaki mikononi mwako. Ukikosea herufi moja, hakuna atakayeinunua. Kwa hiyo kabla ya kutafuta mashine kubwa, jifunze kuandika oda vizuri na kupokea malipo ya awali.

Chagua njia ya kuchapa

- Uchapaji wa skrini. Wino husukumwa kupitia wavu uliotegwa kwenye fremu. Hauhitaji umeme mwingi na unafaa kwa nembo moja inayorudiwa kwenye jezi nyingi. Kila rangi huhitaji skrini yake, hivyo nembo ya rangi moja au mbili ni nafuu.
- Vinili ya kubandika kwa joto. Namba na majina hukatwa kwenye karatasi ya vinili, kisha hubandikwa kwa mashine ya joto. Njia hii inafaa majina na namba zinazotofautiana. Fuata kiwango cha joto na muda anaotoa mtengenezaji wa vinili, kwa kuwa joto likizidi, kitambaa cha poliesta huungua au kung'aa.
- Sablimesheni. Joto huufanya wino uingie ndani ya nyuzi, kwa hiyo picha haibanduki. Inafanya kazi kwenye poliesta ya rangi nyeupe au nyepesi tu. Haishiki kwenye pamba.

Wengi huanza na skrini kwa nembo na vinili kwa namba. Kumbuka kwamba mashine ya joto hula umeme mwingi. Sola ndogo ya kuchaji simu na kuwasha taa haitaiendesha. Kabla ya kununua mashine, soma kiasi cha wati kilichoandikwa juu yake, kisha umuulize anayekuuzia umeme kama laini yako inaweza kuibeba.

Kama unashona mwenyewe, kitambaa cha jezi huvutika. Tumia sindano ya ncha butu na mshono wa zigizaga au ovaloki. Mshono wa kawaida ulionyooka hukatika mchezaji anapovaa jezi au kunyoosha mkono.

Panga bei kwa hesabu

Bei zifuatazo ni za mfano tu. Weka za kwako. Tuseme timu inataka jezi 16, na kila jezi inakugharimu hivi:

- Jezi tupu: shilingi 350
- Wino na vinili: shilingi 90
- Usafiri wa mzigo: shilingi 40
- Umeme: shilingi 20
- Kazi yako: shilingi 100

Jumla ni shilingi 600. Ukiuza kwa 750, faida ni 150 kwa jezi, au 2,400 kwa oda nzima. Sasa angalia: ukiharibu jezi moja na kuirudia, umepoteza 600, yaani faida ya jezi nne. Ukiharibu nne, faida yote imekwisha.

Usiache kuandika malipo ya kazi yako. Wengi huhesabu kitambaa na wino, wakadhani kinachobaki chote ni faida, kumbe ni ujira wao wenyewe.

Malipo ya awali

Katika mfano huu, fedha zinazotoka mfukoni kabla ya kazi kuisha ni 500 kwa kila jezi, yaani 8,000. Bei ya oda yote ni 12,000. Ukiomba asilimia 70 mwanzoni, utapata 8,400, na mzigo wote utakuwa umelipiwa. Ukikubali asilimia 30, utapata 3,600 na utalazimika kukopa ili kuihudumia timu ya mtu mwingine.

Waeleze wateja sababu bila kuona haya. Fedha za timu mara nyingi ni michango ya vijana ambao wenyewe hawana kingi, nao wana haki ya kujua zinakwenda wapi. Pokea malipo kwa M-Pesa au uandike risiti, na umpe nakala mweka hazina wa timu, si nahodha peke yake.

Karatasi ya oda

Usikate kitambaa wala kubandika namba kabla ya karatasi moja kujazwa na kutiwa sahihi na pande zote mbili. Iwe na:

1. Jina la timu na nembo, jinsi zitakavyochapwa.
2. Orodha ya wachezaji: jina, namba na saizi ya kila mmoja. Mwenye timu aandike majina mwenyewe. Wateja hutoka nchi nyingi, na jina linalosikika sawa linaweza kuandikwa kwa njia tatu.
3. Rangi. Kipa lazima avae rangi inayomtofautisha na wachezaji wengine wote na waamuzi, kwa hiyo jezi yake ihesabiwe peke yake.
4. Bei, malipo ya awali, salio na tarehe ya kuchukua.
5. Nani anabeba gharama ya kosa. Kosa likiwa kwenye orodha ya timu, timu inalipa. Likiwa la fundi, fundi anarudia bure.

Tengeneza jezi moja ya sampuli, mpeleke mwakilishi wa timu aione, kisha endelea na zilizobaki.

Vibali na usafiri

Unahitaji leseni ya biashara ya Kaunti ya Turkana. Uliza ofisi ya kaunti kuhusu ada ya aina ya biashara yako, na uweke risiti mahali salama. Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya mwaka 2021 inatambua haki ya mkimbizi kushiriki katika shughuli za kiuchumi, lakini haiondoi wajibu wa kuwa na leseni.

Mkimbizi anayetaka kwenda Eldoret, Kitale au Nairobi kununua vitambaa anahitaji kibali cha kusafiri kutoka Idara ya Huduma za Wakimbizi (DRS). Omba mapema, na usisafiri bila kibali. Baadhi ya mafundi hushirikiana na mwenyeji anayesafiri kununua mzigo huku mkimbizi akibaki na kazi ya kuchapa. Ushirikiano huu ni mzuri mkiandika tangu mwanzo nani ametoa fedha kiasi gani, mashine ni ya nani na faida itagawanywa vipi.

Nembo za watu wengine

Vijana wengi watakuomba nembo ya klabu kubwa ya Ulaya au ya kampuni ya viatu. Nembo hizo zimesajiliwa, na Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008. Mzigo wako unaweza kukamatwa na wewe kushtakiwa. Usichape pia nembo ya shirika la misaada bila barua ya ruhusa kutoka kwa shirika lenyewe. Badala yake, isaidie timu kuchora nembo yake. Ikiipenda, itarudi msimu ujao kwako uliye na skrini yake.

Kabla ya kuanza

Pokea oda moja ndogo kwanza, ikiwezekana vizibao vya mazoezi visivyo na majina. Andika kila shilingi iliyoingia na iliyotoka. Kazi ikiisha, linganisha daftari na bei uliyotoza. Kama kilichobaki hakilipi kazi yako, rekebisha bei kabla ya oda ya pili. Kama una kikundi cha kuweka na kukopa, lipeleke daftari hilo huko unapoomba mkopo wa mashine.