Somo la Historia: Mlango wa Kutoka na Mlango wa Kurudi

Fungueni madaftari yenu.

Tuseme ndugu yako yuko Marekani. Ameoa raia wa huko, naye ameomba hati ya ukaaji wa kudumu, ile iitwayo grini kadi. Ombi lake halijajibiwa bado. Mara anapata habari kwamba mama yake ni mgonjwa sana nyumbani. Je, apande ndege siku hiyo hiyo? Kabla hujajibu, sikiliza historia.

Zamani mambo yalikuwa kinyume. Kwa sheria ya mwaka 1924, mgeni aliyetaka kuhamia Marekani alipaswa kupata viza kwa ofisa wa ubalozi katika nchi nyingine. Hata aliyekuwa amekwisha ingia Marekani, ilimpasa kutoka kwanza. Tangu mwaka 1935 baadhi yao walikaguliwa humo humo Marekani, kisha wakaenda Kanada, nchi jirani, kuchukua viza na kurudi.

Mwaka 1952 ilitungwa sheria mpya. Kifungu chake cha 245 kiliwapa baadhi ya wageni njia ya kuomba ukaaji bila kutoka. Safari ya Kanada haikuwa lazima tena kwao. Lakini angalia neno hili: ombi hilo ni la mtu aliye ndani. Basi akitoka kabla ya jibu, bila kibali cha kusafiri, huhesabiwa kuwa ameliacha. Ndoa yake ni halali, ada amelipa, lakini itambidi aanze upya. Wasiohitaji kibali ni wachache, kama wenye viza fulani za kazi.

Kibali hicho lazima kipatikane kabla ya kuondoka. Kuomba tu hakutoshi. Mwenye dharura, kama ugonjwa wa mzazi, anaweza kuomba ajibiwe upesi. Tena kibali si ahadi: ofisa wa mpakani anaweza kumkatalia msafiri.

Mwaka 1996 sheria ilizidi ukali. Aliyekaa bila ruhusa zaidi ya siku 180, kisha akatoka, aweza kufungiwa mlango miaka 3. Aliyekaa hivyo mwaka mzima au zaidi, miaka 10. Mwaka 2012 baraza la rufani za uhamiaji liliamua kwamba anayetoka kwa kibali, huku ombi lake likingoja, hafungiwi ile miaka 10.

Sasa turudi kwa ndugu yetu. Moyo unamwambia nenda, sheria inamwambia ngoja. Huenda nawe umewahi kukaa matangani ukasikia watu wakinong'ona, "Mbona mwanawe hakuja? Ulaya imemsahaulisha mama." Ukisikia hivyo tena, waeleze habari ya karatasi hii. Pengine mtoto huyo analia peke yake, mbali, akingoja barua.

Maswali
1. Kabla ya mwaka 1952, kwa nini wageni wengine walikwenda Kanada?
2. Nini hulipata ombi la mtu anayetoka bila kibali?
3. Je, ungekuwa wewe, ungefanyaje? Zungumzeni darasani.

Kwaherini, hadi somo lijalo.