Ndege Ndogo Ikianguka

Kwetu mtu akifa ghafla, tuna majibu mawili yaliyo tayari. Wazee husema ahadi yake imefika, nasi twaitikia. Jioni, vilio vikishapoa, wengine hunong'onezana kwamba upo mkono wa mtu. Kati ya majibu hayo mawili kuna uwanja mpana ambao mara chache twauingia: wa kuuliza ni kitu gani hasa kilitokea, kwa mfuatano upi, na nani alijua nini, saa ngapi. Ndiyo maana napenda kusoma taarifa za uchunguzi wa ajali za ndege ndogo. Ndege kubwa za abiria zina vinasa sauti na vinasa mwenendo wa safari. Ndege ndogo ya zamani haikuwa navyo. Mchunguzi alikuta vyuma vilivyopindika, basi, na ilimbidi avisome.

Tarehe 10 Januari 1959, Michael Grzimek, Mjerumani wa miaka 24, alikuwa peke yake katika ndege aina ya Dornier iliyopakwa rangi za punda milia, ambayo yeye na baba yake, Profesa Bernhard Grzimek, waliitumia kuhesabu wanyama wa Serengeti. Ndege ikaanguka, akafa. Mabaki yalionyesha kuwa bawa la kulia liligongwa na tumbusi. Bawa likabonyea, nyaya za kuongozea zikakwama, ndege ikapiga mbizi. Kaburi lake liko ukingoni mwa bonde la Ngorongoro, na baba yake, aliyefariki mwaka 1987, amelazwa kando yake. Hiyo ni ajali ambayo hata mbishi hana la kuongeza, maana tumbusi hana adui wala deni.

Siku 24 baadaye ikaanguka nyingine, huko Iowa, Marekani, na hiyo ndiyo iliyonishughulisha zaidi. Wanamuziki watatu vijana, Buddy Holly wa miaka 22, Ritchie Valens wa miaka 17 na J. P. Richardson wa miaka 28, walikuwa katika ziara ya maonyesho katikati ya majira ya baridi. Joto la basi lao liliharibika njiani. Mpiga ngoma wao alilazwa hospitali, miguu yake imeumizwa na baridi. Holly akaamua kukodi ndege ili wawahi mji wa mbele, walale kitandani, wafue nguo. Richardson alipewa kiti na mwenzake kwa sababu alikuwa na mafua. Valens alipata chake kwa kurusha sarafu. Watu hupenda kusimulia habari hizo za mafua na sarafu, na kwa kweli zinagusa moyo, lakini hazikuiangusha ndege.

Ndege ilikuwa Beechcraft Bonanza ya injini moja, iliyoundwa mwaka 1947. Rubani alikuwa kijana wa miaka 21. Waliondoka Mason City kama saa saba kasoro dakika tano usiku wa kuamkia tarehe 3 Februari. Mwenye kampuni ya ndege, akiwa juuye mnarani, aliitazama taa ya mkiani ikienda, kisha ikishuka polepole mpaka ikapotea. Waliita kwa redio, hawakujibiwa. Asubuhi mwenyewe aliruka kutafuta, akaikuta katika shamba la mahindi, kiasi cha kilomita nane tu kutoka uwanjani. Wote wanne walikuwa wamekufa.

Wachunguzi walisoma hivi. Ncha ya bawa la kulia ndiyo iliyogusa ardhi kwanza. Mshale wa kipimo cha mwendo ulikuwa umeganda kwenye maili 165 hadi 170 kwa saa; wa kipimo cha kupanda na kushuka uliganda kwenye kushuka futi 3,000 kwa dakika. Propela ilionyesha kuwa injini ilikuwa ikivuta sawasawa wakati wa kugonga. Maana yake ndege ilikuwa nzima. Iliendeshwa hadi ardhini na mtu ambaye hakujua kuwa anashuka.

Hili linahitaji maelezo. Usiku ule hapakuwa na nyota wala taa chini, na theluji ilikuwa ikianyesha. Macho yakikosa pa kushika, sikio la ndani, ambalo ndilo hutupa mizani, hudanganya: ndege ikilala upande taratibu, baada ya muda mfupi mwili huona iko sawa. Hapo rubani hana budi kuamini vipimo na kuukana mwili wake. Kijana yule hakuwa na leseni ya kuruka kwa vipimo. Alikuwa amejaribiwa mwaka uliotangulia akashindwa. Isitoshe, kifaa cha kuonyesha mkao wa ndege katika Bonanza ile kilikuwa cha aina ya zamani, kikionyesha kupanda na kushuka kinyume cha vile alivyofundishiwa. Huenda aliona anapanda huku akizama. Kosa la namna hiyo halikuisha na enzi zile: John F. Kennedy mdogo, mwana wa rais, alipotea vivyo hivyo usiku wa tarehe 16 Julai 1999, baharini, katika ukungu.

Taarifa ya Septemba 1959 ilisema chanzo ni uamuzi wa rubani usio wa busara. Ni kweli, ila mpangilio wa lawama haunitulizi. Kijana aliuliza hali ya hewa mara kadhaa jioni ile. Maonyo mawili ya theluji na barafu yalikuwa yamekwisha tolewa kabla hajaondoka, na hakuna aliyempa hata moja. Taarifa yenyewe yakiri hivyo, lakini katika nafasi ya pili, kama jambo lililochangia. Na kampuni iliruhusiwa kuruka kwa kuona tu, si kwa vipimo. Marehemu hupewa fungu kubwa kwa kuwa hayupo kulikataa.

Mkono wa mtu nao ukatafutwa. Miezi michache baadaye mkulima aliokota shambani bastola iliyokuwa ya Holly, na uvumi ukazuka kuwa rubani alipigwa risasi. Mwili wa Richardson ulikutwa mbali kidogo na mabaki, ikasemwa labda alitoka hai akatembea. Uvumi huo uliishi karibu miaka 50. Mwaka 2007 mwanawe, aliyezaliwa baada ya ajali, aliomba kaburi lifukuliwe. Mtaalamu wa mifupa, Dakta William Bass, alimpiga baba yake picha za eksirei. Hakukuwa na risasi. Mifupa ilivunjika karibu yote, na ilikuwa dhahiri kwamba hakutembea hata hatua moja. Akazikwa tena.