Kalamu Ipindayo na Kurudi

Chombo cha mwandishi ni kidogo kuliko jembe la mkulima na nyundo ya mhunzi, lakini historia yake ni ndefu. Katika insha hii, msomaji, tutatazama sehemu moja tu ya chombo hicho, nayo ni ncha yake, ambayo kwa jina la siku hizi huitwa nibu. Tena katika nibu tutachagua aina moja: ile ipindayo inapokandamizwa na kurudi inapoachiliwa. Hii ndiyo nibu nyumbufu. Ukiishika kwa wepesi huchora mstari mwembamba kama unywele. Ukiikandamiza kidogo, meno yake mawili huachana, na mstari hunenepa. Ukiiachilia, meno hukutana tena, na mstari hukonda. Herufi moja yaweza kuwa na wembamba na unene ndani yake, kama sauti ya mwimbaji inavyopanda na kushuka katika neno moja.

Yafaa kuijua historia ya nibu hii kwa sababu mbili. Kwanza, ni habari ya kitu cha thamani kilichoshuka bei hata kikafika mkononi mwa mtu wa kawaida, kisha kikatoweka, kisha kikarudi. Pili, mtu asiyeijua habari hiyo, aendapo dukani kuitafuta kalamu ya namna hii, hununua asichokitaka. Au hukipata akitakacho, akakiharibu siku ile ile ya kwanza.

Neno letu kalamu limetoka katika Kiarabu, nalo ni ndugu wa neno la Kiyunani kalamos, lenye maana ya tete. Basi kalamu ya kwanza kuitwa kwa jina hilo ilikuwa tete lililokaushwa, likachongwa kwa kisu na kupasuliwa nchani. Waandishi wa pwani yetu walioandika tenzi za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, katika miji kama Pate na Lamu, walikuwa warithi wa desturi hiyo. Lakini ncha ya kalamu ya tete hukatwa pana, kama patasi ndogo. Unene wa mstari wake hutokana na upande ambao ncha imeelekezwa, wala si nguvu ya mkono. Ishike tofauti hii, kwa maana maduka ya leo huuza nibu pana na nibu nyumbufu, na wanunuzi wengi huzichanganya. Nibu pana haipindi. Nibu nyumbufu ni nyembamba nchani, na unene wake wote hutoka katika mkandamizo.

Huko Ulaya kwa karne nyingi watu waliandika kwa unyoya wa bata bukini. Unyoya ukichongwa vizuri hupinda na kurudi kwa upole. Katika karne ya 17 na ya 18 walimu wa mwandiko walichora mifano ya hati nzuri, na mafundi wakaichonga mifano hiyo katika mabamba ya shaba ili ichapishwe na kusambazwa. Mkusanyo mmoja mashuhuri, wa George Bickham wa London, ulianza kutolewa kwa mafungu mwaka wa 1733. Wanafunzi walikaa siku nyingi wakiiga mistari ile mipana iendayo chini na ile myembamba ipandayo juu. Hati hiyo ilipewa jina la bamba la shaba, na hata sasa yajulikana hivyo kwa Kiingereza. Lakini unyoya ulikuwa na dosari kubwa: ulichakaa upesi, na ilimlazimu mwandishi kuuchonga mara kwa mara. Waingereza hadi leo hukiita kisu kidogo cha kukunja kisu cha kalamu.

Mapinduzi yalikuja katika mji wa Birmingham, Uingereza. Tangu miaka ya 1820 mafundi wa mji huo, miongoni mwao John Mitchell, Joseph Gillott na Josiah Mason, walianza kutengeneza nibu za feleji kwa mashine. Bati jembamba la feleji lilikatwa vipande, likatobolewa, likakunjwa kwa mviringo, likatiwa moto na kuzimwa katika mafuta hata likawa gumu. Feleji ya namna hiyo huvunjika kama kioo, kwa hiyo ilipashwa moto tena, moto mdogo, ili ugumu wake upungue na ipate uwezo wa kurudi baada ya kupinda. Mwisho ilipasuliwa katikati. Wengi wa waliofanya kazi hizo walikuwa wanawake na wasichana, walioketi mbele ya mashine za mkono siku nzima. Mikono yao, ambayo majina ya wenyewe hayakuandikwa, ndiyo iliyoujaza ulimwengu nibu.

Matokeo yalikuwa makubwa. Nibu iliyokuwa kitu cha fahari sasa iliuzwa kwa gurusi, yaani 144 katika sanduku moja dogo. Mtu aliichomeka katika mpini wa mti, akaichovya katika kidau cha wino, akaandika; ikichakaa aliitupa, akachukua nyingine. Biashara hiyo ilimtajirisha Josiah Mason, naye katika mwaka wa 1875 akaanzisha chuo cha sayansi ambacho baadaye, mwaka wa 1900, kilikuwa Chuo Kikuu cha Birmingham. Na kalamu za kuchovya zilisafiri hata kwetu. Madawati ya kale ya shule yalikuwa na tundu lililotobolewa kwa ajili ya kidau.

Usidhani kwamba unene na wembamba wa mstari vilikuwa pambo tu. Mwaka wa 1837 Isaac Pitman, Mwingereza, alitoa mtindo wake wa hati mkato, yaani mwandiko wa haraka unaofuata sauti. Katika mtindo huo sauti p na sauti b huandikwa kwa mstari wenye mlalo mmoja na urefu mmoja. Mstari mwembamba ni p, na mstari mnene ni b. Ni vivyo hivyo kwa t na d. Fikiri karani ambaye angeyaandika maneno ya Kiswahili kwa mtindo huo kwa kalamu isiyopinda: angetenganishaje pata na bata, au tamu na damu? Makarani wengi wa Afrika Mashariki walijifunza hati mkato ya Pitman, na kwao mkandamizo wa mkono ulikuwa sehemu ya maana ya neno.

Kalamu ya kuchovya ilikuwa na taabu yake: baada ya maneno machache lazima urudi kidauni. Watu wengi walijaribu kuuweka wino ndani ya mpini, na wengi walichafua nguo zao. Mwaka wa 1884 Lewis Edson Waterman wa New York alipata hataza, yaani hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi, kwa kalamu iliyofanya kazi hiyo vizuri. Husimuliwa kwamba alibuni kalamu yake baada ya wino kumwagika juu ya mkataba na kumpotezea biashara. Hadithi hiyo ni tamu, lakini haina ushahidi. Siri ya kalamu yake ni nyepesi kuieleza. Pindua chupa ya maji ghafla: maji hutoka kwa kugugumia, kwa sababu hewa hung'ang'ania kuingia pale pale yanapotokea maji. Waterman alichonga chini ya nibu mfereji wenye mikato myembamba, ili wino ushuke na hewa ipande bila kugombana. Kipande hicho cheusi kilicho chini ya nibu tutakiita mfereji, na tutakihitaji tena hapa mbele.

Nibu za kalamu hizo zilikuwa za dhahabu, kwa sababu wino wa siku zile uliila feleji kwa kutu. Nazo zilitiwa nchani chembe ya madini magumu ya jamii ya iridiamu, ufundi ulioanzishwa na John Isaac Hawkins mwaka wa 1834, ili zisiishe kwa kusuguana na karatasi. Zilikuwa laini ajabu. Lakini dhahabu ni dhahabu, na bei yake ilizitenga na watu wa kipato kidogo. Kampuni ya Esterbrook ya Marekani ilileta nafuu katikati ya karne ya 20 kwa kuuza nibu za feleji zilizofungwa kwa skrubu, ambazo mwenyewe aliweza kuzibadili. Nambari 9128 ilikuwa nyembamba na nyumbufu.

Hata hivyo saa ya nibu nyumbufu ilikuwa imekwisha kupambazuka jioni. Ofisi zilianza kutumia karatasi ya kaboni, ambayo hudai mkandamizo mkubwa ili nakala ya chini isomeke, na nibu laini haiuvumilii mkandamizo huo. Kisha ikaja kalamu yenye kigololi nchani. László Bíró, mwandishi wa magazeti wa Hungaria, alipata hataza mwaka wa 1938, akaiendeleza kazi yake nchini Argentina. Mwezi wa Oktoba 1945 kalamu ya namna hiyo iliuzwa New York kwa dola 12.50, bei kubwa kwa siku zile. Lakini mwaka wa 1950 Marcel Bich wa Ufaransa alianza kuuza kalamu yake ya Bic kwa bei ndogo, na kwa muda mfupi ikaenea duniani. Tusiibeze. Imewasomesha watoto wengi kuliko nibu yoyote ya dhahabu. Lakini ilileta badiliko moja ambalo watu wachache huliona: kigololi hakizunguki vizuri bila kukandamizwa, kwa hiyo kiliufundisha mkono wa mwanadamu kukandamiza daima. Mkono huo ndio mkono wako.

Katika karne hii nibu nyumbufu imerudi kwa bei ya wastani. Mwaka wa 2011 kampuni ya Noodler's ya Marekani ilitoa kalamu iitwayo Ahab, yenye nibu ya feleji, kwa bei ya dola 20 hivi. Wengine huchukua nibu za Kijapani za aina ya G, zilizotengenezwa kwa wachoraji wa hadithi za picha, wakazitia katika kalamu za wino za bei ndogo. Nibu za G hupinda vizuri sana, ila ncha yake ni kali, hukwaruza karatasi, nayo huliwa na kutu. Ni za kutumia na kubadili, kama zile za Birmingham.

Ukitaka kuchagua, basi, usiulize kwanza jina la kalamu. Uliza mambo manne. La kwanza, je, nibu hurudi? Chora mstari mwepesi, kandamiza mpaka unene uwe mara mbili, kisha achilia. Mstari wa tatu uwe mwembamba sawasawa na wa kwanza. Hata msumari waweza kupindwa. Sifa ya nibu ni kurudi. La pili, je, mfereji unatosha? Meno yakiachana huomba wino mwingi kwa ghafla. Mfereji ukishindwa, mstari hupasuka katikati, ukaacha mistari miwili kama njia ya reli. La tatu, ikiwa kalamu ni kuukuu, itazame kwenye mwanga: meno yagusane nchani, yawe sawa kwa kimo, wala pasiwe na ufa mwishoni mwa mpasuko. La nne, je, nibu na mfereji vyatoka kwa kuosha na kurekebisha? Kalamu isiyofunguka hufa ikiziba.

Katika kuitumia, anza kwa kuiosha kwa maji safi, kwani mabaki ya mafuta ya kiwandani huzuia wino. Tia wino uliotengenezwa kwa kalamu za aina hii. Wino wa kuchorea wenye gundi utaiziba. Kandamiza tu mstari uendao chini kuelekea kwako. Uendao juu uwe mwepesi, la sivyo ncha itachoma karatasi na meno yatapotoka. Elekeza kalamu sambamba na mstari unaouchora, ili meno yote mawili yabebe mzigo sawa. Enda polepole, maana wino una mwendo wake. Chagua karatasi iliyo laini, kwa sababu karatasi nyepesi ya daftari hunywa wino na kutandaza mizizi. Wala usiende nayo katika chumba cha mtihani. Huko kasi ndiyo itakiwayo, na Bic itakufaa zaidi.

Juma la kwanza andika bila kukandamiza kabisa. Utaona ni vigumu, kwa kuwa mkono wako umelelewa na kigololi. Ndipo uongeze nguvu kidogo kidogo, na kila mara urudi katika wepesi. Mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe. Lakini mpiga ngumi nibu huiumiza nibu, nayo haiponi. Bati la feleji lilipita motoni mara mbili ili lijue kupinda na kurudi. Mwandishi naye sharti ajifunze yote mawili, kukandamiza na kuachilia, na la pili ndilo gumu.