Shule ya Gondokoro na Lugha ya Wenyeji

Kaskazini ya mji wa Juba, ng'ambo ya mashariki ya mto Nile, kuna mahali paitwapo Gondokoro. Wengi wetu tumepasikia katika habari za wasafiri wa Kizungu waliotafuta chanzo cha mto huo. Ni wachache wakumbukao kwamba hapo palikuwa na misheni ya Kikatoliki na shule ya watoto wa Kibari, miongo mingi kabla ya Juba kuwa mji.

Mnamo mwaka 1846 Papa Gregory XVI aliunda jimbo la kimisheni la Afrika ya Kati, makao yake yakiwa Khartoum. Padre Ignacij Knoblehar, mzaliwa wa Slovenia, alifika nchi ya Wabari mwaka 1850, na mwaka 1853 misheni ikaanzishwa Gondokoro. Padre Angelo Vinco, Mwitalia, aliyekuwa ametangulia kuishi na Wabari, alifariki katika nchi hiyo mwaka huo huo. Fedha zilitoka Austria, na mizigo ikapanda mto kwa jahazi lililoitwa Stella Matutina.

Hapo ndipo lilipozuka swali ambalo kila mwalimu wa lugha analijua: mtoto afundishwe kwa lugha gani? Kibari hakikuwa na maandishi. Basi mapadre, kabla ya kuwa walimu, iliwalazimu kuwa wanafunzi. Waliketi na wenyeji, wakauliza, wakakosea, wakasahihishwa, wakaandika neno baada ya neno. Kutokana na kazi hiyo, J. C. Mitterrutzner alichapisha huko Brixen, mwaka 1867, kitabu cha sarufi na msamiati wa Kibari. Tusidhani kuwa sifa yote ni yake. Kijana wa Kibari, Logwit lo Ladu, alipelekwa Ulaya, akamfafanulia lugha ya kwao, naye akafia huko ugenini akiwa bado kijana. Yeye naye alikuwa mwalimu, ingawa hakupewa cheo hicho.

Shule yenyewe haikudumu. Homa iliwaua mapadre mmoja baada ya mwingine. Knoblehar mwenyewe alifariki Napoli mwaka 1858. Zaidi ya homa, wafanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa walikuja na bunduki katika mto ule ule uliowaleta mapadre. Mwenyeji aliyeporwa ng'ombe na watoto angewezaje kumwamini mgeni yeyote? Kufikia mwaka 1860 misheni ilikuwa imekwisha kuachwa. Samuel Baker alipofika mwaka 1863, alikuta magofu ya matofali, na miti ya ndimu iliyosalia katika bustani.

Hata hivyo, swali la Gondokoro halikufa. Daniele Comboni, aliyefika Santa Croce, misheni jirani kwa Wadinka, mwaka 1858, aliona maafa hayo kwa macho yake. Mwaka 1864 aliandika mpango wa kuwaandaa Waafrika wenyewe kuwa walimu na mapadre. Wafuasi wake walirudi katika karne ya ishirini. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Rejaf, kusini ya Juba, serikali ya kikoloni na wamisheni walichagua lugha sita, Kibari kikiwamo, zitumike katika shule za mwanzo. Baadaye serikali ya Khartoum ilizitwaa shule za misheni mwaka 1957, ikawafukuza wamisheni wa kigeni mwaka 1964, na Kiarabu kikasukumwa madarasani kwa amri.

Habari hii inatuhusu sisi walimu wa Kiswahili. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na tangu hapo Kiswahili kinabisha hodi katika shule zake. Ni furaha kwetu, lakini hatuna budi kukumbuka kwamba tunaingia nyumba ambayo lugha nyingi zimekwisha kuingizwa kutoka nje, nyingine kwa hiari, nyingine kwa nguvu. Mwalimu atakayepelekwa Juba na aanze kama walivyoanza wale wa Gondokoro: ajifunze kwanza kumwamkia mwanafunzi wake kwa Kibari, kisha ndipo amfundishe maamkizi yetu. Kiswahili kikija kama mgeni mwenye adabu, kitakaribishwa kiti. Kikija kama bwana, kitaacha magofu.